Chaki Mlangoni: Msimu Mmoja na Vijana 23

Siku ya 1

Walijitokeza vijana 61 na jezi zipo 23. Kila msimu hesabu hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Kabla sijamfundisha mtu hata pasi moja, inabidi niwaambie vijana 38 kwamba safari yao imeishia hapa.

Niliwagawa wakacheza saba kwa saba kwenye nusu ya uwanja, dakika kumi kumi. Danadana sikuwapigisha. Danadana hazinionyeshi kijana anafanya nini akinyang'anywa mpira, na hicho ndicho ninachokitazama kwanza: anashika kiuno, au anageuka na kukimbia? Mmoja alinyang'anywa mara nne mfululizo, na mara zote nne aligeuka. Ana miaka 14, mdogo kuliko wote, mwembamba, ana mbio za ajabu. Nikaandika jina lake kabla ya filimbi ya mwisho. Jezi namba saba.

Jioni niliwapima urefu wote 23 kwenye mwimo wa mlango wa stoo ya mipira. Mstari wa chaki, namba ya jezi, basi. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakikaribia miaka 14, na kijana anayerefuka hivyo hubadilika mkononi mwako. Mguu unakuwa mrefu kabla misuli haijauzoea, mpira aliokuwa akiutuliza vizuri mwezi uliopita unamruka. Nimeanza kupima ili nijue nani yuko kwenye kipindi hicho. Kupima nilipima vizuri. Kuzitumia zile alama ni jambo jingine, na nitalieleza mbele.

Siku ya 3

Tulianza zile mazoezi za kupasha mwili moto za FIFA 11+: kukimbia taratibu, kisha nguvu na mizani ya mwili, kisha kukimbia kwa kasi na kukata kona. Zikizoeleka zinachukua dakika 20 hivi. Leo zilichukua 40 na manung'uniko yalikuwa mengi. Walitaka mpira. Niliwaambia kuhusu utafiti uliofanyika Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ukachapishwa mwaka 2008: timu zilizofanya mazoezi haya ziliumia kwa karibu theluthi moja pungufu. Beki mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, kati ya watatu watakaoumia, mmoja anapona?" Nikamwambia ndivyo, na huyo mmoja anaweza kuwa yeye. Akalala chini akafanya.

Siku ya 9

Mfumo ni 4-4-2: mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Nilikuja na 4-3-3 kichwani, lakini mfumo unafuata watu, na mimi sina kiungo wa chini anayeweza kulinda peke yake. Nina viungo wawili wa kawaida wanaoelewana kama mapacha. Nikawaweka pamoja.

Siku ya 17

Mchezo wa kwanza. Ligi yetu ina timu tisa, kila moja inakutana na nyingine mara moja, dakika 40 kila kipindi, na nne za juu zinakwenda nusu fainali. Tulifungwa 3-1.

Mabao mawili ya kwanza yalikuwa halali yao, walituzidi. La tatu liliniuma. Walirusha mpira wa pembeni, mshambuliaji wao alikuwa nyuma ya mabeki wetu wote, na mabeki wangu wanne walisimama na kunyoosha mikono wakidai kuotea. Wanne! Mpira ukaingia wakiwa wamenyoosha mikono. Hakuna kuotea kwa mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kurushwa, wala kwenye kona, wala kwenye goli kiki. Ni sheria ya zamani kabisa na mimi sikuwa nimewafundisha, kwa kuwa nilidhani wanaijua. Kosa lile lilikuwa langu, na kwenye basi nikawaambia hivyo.

Siku ya 18

Darasani, bila mpira. Sheria ya 11, ile ya kuotea, yote, ubaoni, kwa chaki. Kumbe nusu yao waliamini kwamba ukiwa tu mahali pa kuotea umeshafanya kosa. Tulikaa saa nzima. Nitafanya hivi siku ya pili ya kila msimu kuanzia sasa.

Siku ya 24

Sare 0-0. Kipa wetu alituokoa mara tatu.

Namba saba alicheza vibaya. Beki wao wa kushoto alikuwa mzito, kila mtu aliona, na tulimpigia saba mipira mirefu nyuma ya beki huyo mara tano sita. Kila mara alianza vizuri, kisha akakata mbio kabla hajaufikia. Mara moja aliufikia, akiwa huru, akapiga krosi laini isiyofika hata kwenye kisanduku. Dakika ya 50 nikamtoa. Alipopita mbele yangu nikamwambia, wenzake wote wa benchi wakisikia, kwamba jezi ile wapo vijana 38 wanaoitaka na wangeikimbilia.

Hakujibu. Alikaa mwisho wa benchi akafunika magoti kwa koti.

Siku ya 26

Mazoezini aliwahi kufika. Kwenye zoezi la kupiga golini alipiga kwa mguu wa kushoto tu, na yeye ni wa kulia. Nikadhani ni kiburi, kwamba ananionyesha amekasirika. Nikampuuza.

Siku ya 29

Kupima tena. Wengi wako palepale. Namba saba amepanda karibu sentimita moja katika wiki nne. Nikachora mstari, nikaandika namba, nikasema "anayefuata".

Siku ya 31

Tulishinda 2-0, ushindi wa kwanza, na kelele za vijana kwenye basi zilikuwa za kufurahisha. Yeye nilimwacha benchi dakika zote 80.

Lakini ninachotaka kuandika ni kilichotokea baada ya hapo. Tuliporudi shuleni nilibaki kwenye ngazi za jengo la madarasa nikikusanya koni. Ngazi ni 14, nimezihesabu baadaye. Vijana walishuka kwa kuruka mbili mbili kama kawaida yao. Namba saba alishuka wa mwisho, alipodhani hakuna mtu. Alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Alishuka ubavu ubavu, mguu wa kushoto kwanza, kisha akauleta wa kulia kando yake bila kuukunja, akapumua, akashuka nyingine. Ngazi ya tano alisimama akafumba macho.

Nilisimama na koni mikononi, nikakumbuka koti juu ya magoti, krosi laini, mguu wa kushoto, mstari wa chaki. Vyote nilikuwa nimevitazama kwa macho yangu mwenyewe.

Nikamwita. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaumwa wapi?"

Akapandisha soksi kwanza, kama mtu anayeficha. Kisha akashusha. Chini ya pia ya goti la kulia, pale juu ya mfupa wa ugoko, kilikuwa kimetokeza kinundu kigumu ukubwa wa nusu ya ndimu. Nilipokigusa kwa ncha ya kidole, na niligusa polepole, mguu mzima ulishtuka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mchezo wa kwanza, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

Akatazama chini. "Hukuuliza, mwalimu. Na wapo 38."

Siku ya 33

Nilikwenda naye na mama yake kwa daktari. Mama alinisalimia vizuri kuliko nilivyostahili.

Daktari alibonyeza, akamwambia anyooshe mguu huku ameuzuia kwa kiganja, akauliza maswali, na hakuchukua muda. Osgood-Schlatter. Jina limetokana na madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, walioueleza mwaka 1903 kila mmoja kivyake. Ninaueleza hapa kama nilivyoelezwa, kwa sababu kama kuna kocha anayesoma, huenda ana kijana wa namna hii kikosini sasa hivi.

Misuli ya mbele ya paja inashuka, inapita juu ya goti, inaishia kwenye kano iliyojishika juu ya mfupa wa ugoko. Kwa mtu mzima pale ni mfupa mgumu. Kwa kijana anayekua, pale pana sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa. Mifupa inarefuka upesi, misuli inabaki imekazwa, na kila anapokimbia, anaporuka na hasa anapopiga mpira kwa nguvu, kano inavuta sehemu ile laini. Ikivutwa mara mia kwa siku, inavimba na kuuma. Ndiyo maana huwapata zaidi vijana wanaocheza michezo ya mbio na kuruka. Kwa hiyo yule anayejituma sana ndiye anayeumia, na mimi nilikuwa nimemwita mvivu.

Mama akauliza kama mwanawe aache mpira kabisa. Daktari akasema hapana, hali hii kwa kawaida huisha mwili ukimaliza kukua. Apunguze mzigo, aweke barafu baada ya mazoezi, anyooshe na kuimarisha misuli ya paja, na maumivu ndiyo yawe kipimo. Tukakubaliana lugha ya vidole kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Maumivu ya mbili au tatu, anaendelea. Yakifika nne, ananyanyua vidole vinne na anatoka, hata kama dunia inaanguka.

Siku ya 34

Niliwakusanya wote 23. Maneno niliyomwambia siku ya 24 niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo na msamaha nikauombea mbele ya watu. Nikawaeleza ugonjwa, nikachora goti ubaoni. Kisha nikauliza nani mwingine anaumwa na hajasema.

Kimya. Kisha mkono mmoja, kisha wa pili. Ikawa sita. Visigino, nyonga, kidole cha gumba cha kipa ambacho alikuwa anakifunga kwa plasta tangu wiki ya kwanza. Sita kati ya 23, na mimi nilikuwa nikiamini nina kikosi kizima.

Kuanzia leo, kabla ya kila zoezi, kila mmoja akipita mlangoni ananionyesha vidole. Sekunde mbili kwa mtu.

Siku ya 38

Ushindi 1-0, kichwa cha nahodha kutokana na kona. Namba saba alikaa karibu yangu na daftari, nikamwambia aandike chochote anachoona. Sikutegemea kitu. Alinipa kurasa tatu.

Siku ya 45

Sare 1-1, na bao tulilofungwa lilikuwa limeshaandikwa kwenye daftari lile wiki nzima kabla. Saba alikuwa ameandika: "Kipa wetu anashika mpira muda mrefu. Nimehesabu 9, 11, 10." Tangu Julai 2025 sheria inasema kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapata kona. Zamani zilikuwa sita na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na waamuzi karibu wote walifumba macho. Sasa mwamuzi ananyanyua mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole ili kipa aone.

Nililisoma, nikasema nitamwambia, nikasahau. Dakika ya 62, tukiongoza, mwamuzi akanyanyua mkono. Kipa wetu alikuwa akiwapanga mabeki, hakumtazama. Tano, nne, tatu. Saba alisimama benchi akapiga kelele "Toa! Toa!" Haikusaidia. Kona, kichwa, bao.

Tangu leo daftari linasomwa kwa sauti kila siku ya kwanza ya mazoezi ya wiki, na msomaji ni yeye.

Siku ya 52

3-2. Mchezo wa ovyo, pointi tatu nzuri. Saba alicheza dakika 15 za mwisho, vidole viwili.

Siku ya 57

Kupima. Yumo kwenye kupanda bado.

Siku ya 59

Dakika ya 23 nahodha wetu, beki wa kati, aliruka kichwa na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana. Sauti niliisikia kutoka ng'ambo ya uwanja. Akaanguka, akainuka mwenyewe, akajipangusa, akanyanyua dole gumba. Mashabiki wakapiga makofi.

Hakuzimia. Wengi wanadhani bila kuzimia hakuna mtikisiko wa ubongo, na hilo si kweli. Niliomba mwamuzi asimamishe, nikaingia. Nikamuuliza tunacheza kipindi gani. "Cha kwanza." Sawa. Mchezo uliopita tulishinda? Akanitazama kwa muda mrefu. "Sare, mwalimu. Kipa alichelewesha." Hiyo ilikuwa wiki mbili nyuma. Wiki iliyopita tulishinda 3-2 na bao moja alifunga yeye.

"Unatoka."

"Mwalimu, niko sawa. Mwalimu, nakuomba." Alinishika mkono wa shati. Alikuwa na machozi, na huyu ni kijana ambaye sijawahi kumwona akilia. Nikamshika mabega nikatoka naye. Kanuni haina mjadala: ukishuku tu, anatoka, na siku hiyo harudi tena uwanjani hata akijisikia mzima. Kwa vijana ubongo unapona polepole, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo la hatari kubwa.

Dakika ya 70 walifunga kwa kichwa, mahali hasa ambapo yeye husimama. 1-0. Mzazi mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti kwamba kocha ameuza mchezo. Nilikaa kimya, maana nahodha alikuwa ameketi kando yangu na kwa mara ya tatu alikuwa akiniuliza ni dakika ya ngapi.

Siku ya 66

Mchezo wa mwisho wa ligi, lazima tushinde. Namba sita kavaa kitambaa cha unahodha. 1-1 hadi dakika ya 60, nikamwingiza saba. Vidole viwili mlangoni asubuhi.

Sikumwambia apige krosi wala apige golini. Nilimwambia akimbie bila mpira, avute mabeki. Alivuta wawili, pengo likabaki katikati, na mmoja wa wale mapacha wangu wa kiungo akaingia humo akamalizia. 2-1. Pointi 14, nafasi ya nne.

Siku ya 70

Penalti. Mita 11, mmoja mmoja, baada ya kukimbia hadi wachoke, kwa sababu ndivyo zinavyopigwa kweli. Kipa anajifunza kubakiza angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari mpaka mpira upigwe. Saba hapigi. Alinitazama, sikuhitaji kusema.

Siku ya 73

Nusu fainali. Daktari bado hajamruhusu nahodha, kwa hiyo alikaa nami akiwa na koti la shule na sauti yote aliyonayo.

Walitutangulia dakika ya 19. Tulisawazisha dakika ya 48, na aliyeanzisha alikuwa saba: alikatiza pasi ya beki, akageuka kama siku ile ya kwanza alivyokuwa akigeuka, akamtengea namba tisa, nyavu zikatikisika. Kuanzia hapo tulikuwa juu. Beki wao wa kushoto alishakuwa na kadi ya njano na alikuwa anamwogopa saba waziwazi, anarudi nyuma kila akimwona.

Dakika ya 71, mpira ukiwa umetoka nje, saba alinitafuta kwa macho kutoka ng'ambo ya uwanja. Akanyanyua mkono. Vidole vinne.

Naandika ukweli: kwa muda wa pumzi moja nilitamani nisivione. Zimebaki dakika tisa, beki amelewa, bao linanukia. Nahodha aliviona pia. Hakusema kitu, alinitazama tu nitafanya nini. Nikamwambia namba 14 avue koti.

Saba alipotoka nilimpa mkono. Akasema, "Ilikuwa tatu na nusu kwa muda, mwalimu. Nikasubiri. Ikawa nne." Nikamfungia barafu mwenyewe.

Sare 1-1, penalti. Nne kwa tatu, wao. Mpira wetu wa tano uligonga mwamba wa juu na kurudi, na aliyeupiga, namba sita, alibaki palepale kwenye nukta, na wenzake wote wakaenda kumchukua. Hata kipa alitoka mbio golini. Hakuna aliyemwacha atembee peke yake mita zile.

Siku ya 76

Kurudisha vifaa. Jezi 23, zote zimefuliwa. Mipira 11 kati ya 12, mmoja uliishia juu ya paa.

Kisha mlangoni, mara ya mwisho kwa msimu huu. Mistari ya saba ni mitatu sasa na leo nikaongeza wa nne. Kutoka wa kwanza hadi wa nne ni sentimita mbili na kitu. Nahodha, aliyeruhusiwa jana kuanza kukimbia taratibu, alishika rula. Saba alijigeuza akaitazama, akapitisha kidole juu yake, chaki ikamganda.

"Kinundu kitabaki, mwalimu?"

"Kinaweza kubaki kidogo. Maumivu ndiyo yatakwisha."

"Nikiacha kurefuka."

"Ukiacha kurefuka."

Akafikiri. Kisha akaomba mpira mmoja wa kukaa nao likizo. Nikamuuliza vidole, akanyanyua kimoja. Nikampa ule mpya.